Stelingi Anaboa, Kitabu Kitamu!



Leo siasa tuiweke pembeni, tuongee vitabu. Najua kuna mtu yuko café, dakika zake zinahesabika, na mkono umeshaanza kusogea kwenye kipanya atoke. Subiri kwanza. Vitabu ninavyovisema vina panga, farasi, maharamia, sumu, na mtu anayetoroka jela ndani ya mfuko wa kuzikia maiti. Ukivigeuza picha ukavipeleka kwenye kibanda cha video, watu watajaa mpaka madirishani.

Mimi naziita riwaya za upanga. Ni zile hadithi ndefu za Ulaya za karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20: za akina Alexandre Dumas, Rider Haggard, Rafael Sabatini na wenzao. Nimezisoma nyingi na bado nazisoma. Na kila nikimwazima mtu mojawapo, baada ya wiki mbili anarudi na lalamiko lile lile: "Kaka, kitabu kitamu, lakini huyu stelingi mbona anaboa hivi?"

Ana haki. Stelingi wa riwaya hizi anaudhi kweli kweli. Anakurupuka, ananuna, anadanganya wanawake, anadharau watumishi, halafu kitabu kinataka umpigie makofi. Kuna watu wanakifunga katikati. Kuna wengine wanaenda mbali zaidi, wanasema tusivisome kabisa, ni vitabu vya wakoloni, vitatuharibia vichwa vijana. Mimi siko na hawa wala wale. Naona kuna swali moja dogo ambalo ukijiuliza utajua lini ucheke, lini ukasirike, na utafika ukurasa wa mwisho ukiwa umefaidi. Swali lenyewe ni hili: HII KASORO NI YA NANI? Ya stelingi, au ya mwandishi?

Twende taratibu, kwa mifano mitatu.

D'ARTAGNAN: BWANA MDOGO ASIYEJUA KUHESABU MPAKA KUMI

Tuanze na kitabu maarufu kuliko vyote vya aina hii, The Three Musketeers cha Alexandre Dumas, Mfaransa. Hadithi inaanza Aprili 1625. Kijana wa kijijini anaitwa d'Artagnan anakwenda Paris kutafuta kazi ya ulinzi wa mfalme. Baba yake amempa farasi mzee wa rangi ya manjano na kumwusia asije akamuuza hata siku moja. Kijana anafika Paris, anamuuza. Hapo hata kitabu hakijachanganya!

Lakini kabla ya kufika Paris ameshapigwa. Njiani mtu mmoja kamcheka yule farasi, naye badala ya kupita zake akachomoa upanga. Matokeo yake kachezea kipigo, na barua ya utambulisho aliyopewa na baba yake ikaibiwa. Sasa wewe na mimi tungejifunza. Yeye hapana. Siku yake ya kwanza kwa mkuu wa walinzi anamgonga mtu begani, tena bega lenye jeraha: huyo ni Athos, wanawekeana miadi ya kupigana saa sita mchana. Anakimbia, ananasa kwenye joho la mtu wa pili na kugundua siri yake, kwamba ule mkanda wa upanga uliodariziwa dhahabu una dhahabu mbele tu, nyuma ni ngozi ya kawaida: huyo ni Porthos, miadi saa saba. Dakika chache baadaye anaokota kitambaa cha mkononi ambacho mwenyewe hakutaka kionekane: huyo ni Aramis, miadi saa nane. Yaani bwana mdogo ana siku moja mjini na tayari ana foleni ya watu watatu wa kumuua, kila saa mmoja.

Ukisoma hapo unacheka. Baadaye hucheki. D'Artagnan anampenda Constance, mke wa mwenye nyumba wake (ndiyo, mke wa mtu, tena anapanga kwao). Constance anatekwa. Badala ya kutulia amtafute, d'Artagnan anavutiwa na mwanamke mwingine, Milady, mrembo hatari anayemfanyia kazi Kadinali Richelieu. Ili amfikie, anamtumia Kitty, mtumishi wa Milady, binti anayempenda d'Artagnan kwa moyo wote, naye anajua. Anazinasa barua ambazo Milady anamwandikia mwanaume mwingine, kisha usiku, gizani, anaingia kwa Milady akijifanya ndiye yule mwanaume. Jamani. Huyu ndiye stelingi wetu.

Athos naye, yule ambaye kitabu kizima kinamwona ndiye muungwana kuliko wote, aliwahi kuoa binti mdogo. Siku moja wakiwa mawindoni binti akaanguka kutoka kwenye farasi, nguo ikalegezwa apate hewa, bega likaonekana lina alama ya chuma cha moto wanayopigwa wahalifu. Athos hakuuliza swali hata moja. Alimtundika kwenye mti. Binti hakufa, na ndiye huyo huyo Milady.

Sasa tuulize swali letu. Kasoro ya d'Artagnan ni ya nani? Kwa sehemu kubwa ni ya d'Artagnan mwenyewe, na Dumas anaijua vizuri. Tena ndiyo petroli ya hadithi. Jaribu kumpa kijana huyu akili timamu uone: angehesabu mpaka kumi pale njiani, asingepoteza barua. Angepita polepole koridoni, asingewajua Athos, Porthos na Aramis. Angeacha barua za watu, Milady asingekuwa na sababu kubwa hivyo ya kuapa kisasi, na nusu ya pili ya kitabu isingekuwepo. Na kisasi chenyewe kinalipwa kwa bei mbaya: Milady anamtia sumu Constance, anafia mikononi mwa d'Artagnan. Mwandishi hakumwachia kijana wake apite bure. Kamtoza.

KWA NINI WAKO HIVYO: "ITAENDELEA"

Hapa nieleze kitu ambacho wengi hawakijui. Riwaya hii haikuzaliwa kama kitabu. Ilitoka kwa vipande katika gazeti la Paris liitwalo Le Siècle, kuanzia Machi mpaka Julai 1844. Ni mambo yale yale ya magazeti yetu yenye hadithi ukurasa wa ndani, binti amefungiwa chumbani, mlango unafunguliwa polepole, halafu... ITAENDELEA. Unatukana, lakini unanunua tena. Magazeti ya Ufaransa ya wakati ule yaligundua siri hiyo mapema. Hadithi nzuri ilivuta wanunuzi, na waandishi wakubwa wakagombaniwa kama wachezaji wa mpira. Dumas alikuwa na msaidizi, Auguste Maquet, aliyemsaidia kuchimba historia na kupanga visa, maana kazi ilikuwa nyingi kuliko mkono mmoja.

Sasa fikiria wewe ndiye unayeandika kwa mtindo huo. Stelingi mwenye busara ni hasara tupu. Mtu mwenye busara hukaa, hufikiri, huomba ushauri kwa wazee, mambo yanaisha. Gazeti la kesho litaandika nini? Unahitaji mtu anayeruka kwanza na kufikiri akiwa hewani. Ndiyo maana stelingi wa riwaya za upanga wana hasira za karibu, mapenzi ya ghafla na masikio yasiyosikia. Ukishalijua hilo, kero yako inapungua nusu. Unamwangalia d'Artagnan kama unavyomwangalia mshambuliaji mchoyo wa pasi: unapiga kelele, lakini hutaki atolewe.

Na huyu Dumas mwenyewe si mtu wa kupita hivi hivi. Baba yake, Jenerali Thomas-Alexandre Dumas, alizaliwa mwaka 1762 katika koloni ambalo leo ndiyo Haiti, na mama wa huyo jenerali alikuwa mtumwa mwenye asili ya Afrika. Mjukuu wa mtumwa ndiye aliyewapa Wafaransa mashujaa wao wanaopendwa kuliko wote. Mwaka 1843, kabla tu ya walinzi wa mfalme, aliandika riwaya inaitwa Georges, ya kijana chotara wa kisiwa cha Mauritius anayesimama dhidi ya ubaguzi wa wazungu wa kisiwani. Alifariki 1870, na mwaka 2002 Ufaransa ilihamishia mabaki yake Panthéon, wanakolazwa watu wake wakubwa. Kwa hiyo anayesema "riwaya za upanga ni za Wazungu peke yao" aanze na hiyo.

Tena Dumas akitaka anaweza kumhukumu stelingi wake vikali. Soma The Count of Monte Cristo. Edmond Dantès, baharia aliyesingiziwa, anakaa gerezani miaka 14, anatoroka ndani ya ule mfuko wa maiti niliousema, anapata hazina, anaanza kuwamaliza maadui mmoja mmoja kwa mipango baridi kabisa. Anaudhi, maana anajiona kama mkono wa Mungu. Kisha kisasi chake kinasababisha kifo cha mtoto mdogo asiye na hatia, naye kwa mara ya kwanza anatetemeka. Pale unajua kwamba mwandishi alikuwa anaiona kasoro ile tangu mwanzo, alikuwa anaisubiri.

KAPTENI BLOOD: BINGWA WA KUNUNA

Mfano wa pili ni Captain Blood cha Rafael Sabatini, kilichotoka 1922. Sabatini alizaliwa Italia, mama Mwingereza, baba Mwitalia, akaandika kwa Kiingereza. Hiki ndicho kitabu nachopendekeza kwa anayeanza, kwa sababu kinakwenda kasi.

Peter Blood ni daktari wa Ireland anayeishi kimya kimya Uingereza. Mwaka 1685 kunatokea uasi dhidi ya Mfalme James wa Pili. Yeye hakushiriki, kosa lake ni kumtibu majeruhi mmoja wa waasi. Jaji Jeffreys, ambaye ni mtu wa kweli katika historia, anamhukumu kifo, kisha hukumu inageuzwa: apelekwe Barbados kuuzwa. Ananunuliwa kwa pauni kumi na mwenye shamba katili, Kanali Bishop. Siku Wahispania wanapovamia mji na kulewa ushindi, Blood na wenzake wanaiteka meli yao na kuondoka nayo. Daktari amekuwa haramia. Na jambo la kufurahisha, mambo haya hayakutungwa kutoka hewani: daktari mmoja, Henry Pitman, alipelekwa Barbados kweli baada ya uasi ule, akatoroka, na mwaka 1689 akachapisha kisa chake.

Mpaka hapo Blood hana baya. Ni mwerevu, ana mdomo mkali, anawashinda wakubwa kwa akili kuliko kwa nguvu. Shida inaanza kwenye mapenzi. Anampenda Arabella, mpwa wa yule Kanali Bishop. Arabella amesikia habari zake nusu nusu, na siku moja anamwita mwizi na haramia. Basi! Ndugu yangu, kapteni amenuna. Mtu aliyezipiga meli kubwa za Hispania anashindwa kuuliza swali moja tu: "Umeambiwa nini juu yangu?" Badala yake anarudi kisiwa cha Tortuga kunywa pombe, mabaharia wake wanakaa bila kazi, na sura baada ya sura maneno yale mawili yanazunguka kichwani mwake. Juu ya hapo amejiaminisha kwamba Arabella anampenda bwana mmoja mkubwa kutoka London. Hakuuliza hilo nalo.

Unatamani uingie kitabuni umpe simu.

Lakini hapa pia, kasoro ni ya stelingi, na mwandishi anajua. Anamchora Blood kama mtu mwenye majivuno yaliyojeruhiwa: jaji alimwita mhaini, soko lilimpa bei ya pauni kumi, na sasa mtu pekee anayetaka heshima kutoka kwake anamwita mwizi. Ukimsoma hivyo, kununa kwake kunaeleweka. Kila mmoja wetu anamjua mtu wa namna hii, anayekaa miezi hasemi na mtu kwa neno moja lililotamkwa kwa hasira. Pengine yuko nyumbani kwenu.

Sasa angalia vizuri, maana katika kitabu hicho hicho kuna kasoro ya pili ambayo si ya Blood peke yake. Tunalia naye kwa sababu kauzwa. Sawa. Lakini Barbados ya miaka ile ilikuwa na watumwa Waafrika wengi kuliko Wazungu, na wao hawakuuzwa kwa miaka kumi, waliuzwa maisha yote, wao na watoto wao. Ndani ya kitabu wanapita pembeni tu. Hakuna anayepewa hadithi yake. Blood anatoroka na wafungwa wenzake Wazungu, na hakuna anayegeuka nyuma kuuliza wale wengine shambani. Je, Sabatini anajua kwamba ameacha kitu? Hakuna dalili. Hiyo ni kasoro ya mwandishi, na hapa ndipo msomaji unapaswa kuamka.

ALLAN QUATERMAIN: HAPA UTANI UNAPUNGUA

Mfano wa tatu unatuhusu moja kwa moja. Kitabu ni King Solomon's Mines cha H. Rider Haggard, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi serikalini kusini mwa Afrika. Kilitoka mwaka 1885. Kwa Kiswahili kilitafsiriwa na Frederick Johnson kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, kikatoka 1929. Johnson huyo ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha iliyosanifisha Kiswahili kuanzia 1930. Yaani tafsiri hii ni miongoni mwa riwaya za kwanza kabisa kusomwa kwa Kiswahili sanifu. Waulize babu na bibi waliosoma zamani, wengi watatabasamu wakisikia jina lile.

Msimulizi ni Allan Quatermain, mwindaji wa tembo, umri umekwenda, anayekiri mwenyewe kwamba ni mwoga. Anakwenda na Wazungu wawili kumtafuta mtu aliyepotea akitafuta machimbo ya almasi. Njiani anaungana nao mtumishi anaitwa Umbopa, ambaye anaongea kama mtu asiye mtumishi. Na kweli, baadaye inajulikana kwamba jina lake ni Ignosi, mfalme halali wa Wakukuana aliyenyang'anywa kiti na baba yake mdogo. Kuna vita, kuna bibi mchawi Gagool, kuna pango, kuna mlango wa jiwe unaoshuka taratibu. Utamu mtupu. Nakwambia ukweli, ile sehemu ya mlango wa jiwe naijua na bado moyo unanienda mbio.

Quatermain anaboa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ndogo: analalamika, anajihurumia, anapiga hesabu ya pesa huku wenzake wanakufa. Hiyo ni tabia yake na inachekesha.

Namna ya pili ni nzito. Kuna binti anaitwa Foulata. Mmoja wa wale Wazungu, Kapteni Good, amemwokoa asichinjwe kafara. Naye anamuuguza Good usiku na mchana mpaka anapona. Wanapendana. Ndani ya pango Foulata anamzuia Gagool asitoroke na kuwafungia, anachomwa kisu, anakufa. Haggard anamfanya binti huyu, akiwa anakata roho, aseme ni heri afe, kwa kuwa yeye na mpenzi wake hawangeweza kuoana kwa sababu ya rangi. Kisha baadaye Quatermain, mtu mzima, anatuambia kwa utulivu kabisa kwamba kifo chake kilikuwa nafuu, kwa sababu kingeleta matatizo kama angeishi. Mtu aliyekufa akiwatetea!

Uliza swali letu. Kasoro hii ni ya nani? Kitabu hakimwadhibu Quatermain kwa kauli ile. Hakuna anayembishia. Hadithi yenyewe imepangwa ili kauli ile iwe kweli: mwandishi hakutaka ndoa ile, akamuua binti. Hapa stelingi na mwandishi wamevaa miwani moja. Na kitabu kisipojua kosa lake, wewe msomaji inabidi ulijue kwa niaba yake.

Je, basi tukitupe? Hapana. Kwa sababu ndani ya kitabu hicho hicho kuna mtu ambaye Haggard alimwandika vizuri kuliko alivyokusudia. Mwishoni, wageni wakiaga, Ignosi anawaambia kwamba hatamruhusu Mzungu mwingine kuvuka milima ile. Hataki wachuuzi wa bunduki na pombe, wala wahubiri watakaowatia watu woga wa kifo na kuwachongea njia wale wanaokuja nyuma yao. Kumbuka mwaka: 1885. Ule mkutano wa Berlin uliokuwa ukipanga namna ya kuligawana bara letu umemalizika Februari mwaka huo huo. Na kwenye kitabu cha burudani cha vijana wa Kiingereza kuna mfalme Mwafrika anayeeleza mchezo mzima kwa sentensi chache, na hakuna Mzungu kitabuni anayempa jibu la maana.

Kwangu mimi stelingi wa Mashimo ya Mfalme Sulemani ni Ignosi. Quatermain ni yule jamaa anayesimulia tu. Nikikisoma hivyo, kitabu kinageuka: ni hadithi ya mtoto wa mfalme aliyekulia uhamishoni, akajishusha kuwa mtumishi ili apate wa kusafiri nao kurudi kwao, akarudisha kiti cha baba yake na kufunga mlango. Hakuna neno hata moja nililobadilisha.

SASA TUSOMEJE?

Nikusanye niliyosema, kwa mwenye haraka:

1. Usimpende stelingi kwa lazima. Kumfuata mtu kwa kurasa 600 si kumkubali. Mbona jirani mwenye vituko unamsikiliza kila jioni na hujawahi kumwachia funguo za nyumba?

2. Fuata wa pembeni. Planchet, mtumishi wa d'Artagnan, ana akili kuliko bosi wake siku nyingi. Fuata na adui pia. Sura ambazo Milady amefungwa Uingereza, akamgeuza mlinzi wake ndani ya siku tano mpaka akawa chombo chake, ni miongoni mwa sura bora za kitabu, na stelingi wote wanne hawamo.

3. Soma kwa vipande. Vingine viliandikwa viliwe hivyo, kipande leo, kipande kesho. Ukivimeza kwa mkupuo, makosa ya stelingi yanakurundikia.

4. Uliza kila unapoudhika: kasoro ya nani? Ikiwa ya stelingi, subiri, huenda mwandishi anamwandalia bili. Ikiwa ya mwandishi, weka alama pembeni, jadili na mwenzako, usiimeze kimya kimya. Dharau inayomezwa kimya ndiyo inayoharibu kichwa. Inayojadiliwa inakupa nguvu.

5. Bure zipo. Nyingi za zamani hizi muda wake wa hakimiliki umekwisha, na utazipata kwenye mtandao wa Project Gutenberg, mradi ulioanzishwa na Mmarekani Michael Hart mwaka 1971. Kitabu kizima kwa maandishi matupu ni chepesi kuliko picha moja unayopiga kwa simu. Ingia, pakua, weka kwenye flash au kwenye simu, soma nyumbani bila kuhesabiwa dakika.

NA WA KWETU JE?

Msidhani swali hili ni la Wazungu tu. Tunaye Willy Gamba wa Elvis Musiba, mpelelezi aliyetikisa tangu Kufa na Kupona ilipotoka mwaka 1974. Risasi, magari, suti kali, warembo. Wengi wetu tumemsoma chini ya dawati mwalimu akifundisha. Naye anaudhi pale pale: kila mwanamke lazima amwangukie, na ambaye hakumwangukia ujue ni adui, au bado hajaonana naye vizuri. Kasoro ya Willy au ya Musiba? Mimi nina jibu langu, ila sisemi leo.

Wapo wanaodhani kijana akisoma habari za mtu mkaidi atakuwa mkaidi, na akisoma kitabu chenye dharau atajidharau. Wanatuona wepesi sana. Mtu aliyezoea kubishana na kitabu ni mgumu kudanganywa na gazeti, na hata na mwanasiasa jukwaani. Ukimaliza kurasa 600 ukimsimanga d'Artagnan na bado ukitaka kujua kesho itakuwaje, umeshafanya zoezi la kuburudika bila kukabidhi akili yako kwa mtu.

Haya, uwanja ni wenu. Stelingi gani amewahi kukuudhi kuliko wote na bado hukuweza kukiacha kitabu? Mtaje hapo chini kwenye maoni, na useme kasoro ilikuwa ya nani. Na wale wa timu Athos najua mnakuja na hasira. Karibuni, lakini hesabuni mpaka kumi kwanza.